Asubuhi ya Kushuka Melini: Ubebe Mwenyewe au Uache Mlangoni?

Usiku wa mwisho wa safari, korido ya meli ya kitalii hubadilika sura. Zulia lililokuwa tupu juma zima sasa limejaa masanduku, kila moja mbele ya mlango wake, na lebo ya rangi imefungwa kwenye mshikio: buluu, njano, zambarau, nyingine zina namba kubwa. Ukipita saa 4 usiku itabidi utembee upande upande. Ukipita tena saa 8, zulia limebaki peke yake. Masanduku yameshaondoka, na wenyewe wamelala.

Ila hapa na pale palikuwa na mlango usio na sanduku. Aliye ndani ameamua kwamba kesho atabeba mwenyewe. Kampuni za meli huupa utaratibu huu majina mbalimbali ya kibiashara, lakini masharti hayatofautiani sana: utashuka miongoni mwa wa kwanza, utakuwa na mizigo yako yote kwa mkupuo mmoja, na hakuna mfanyakazi wa meli atakayekushikia hata begi la mkononi.

Wengi huchagua wakidhani wanaulizwa swali moja tu, nani atatoka mapema. Kumbe wanachoamua ni nani atakayeshika mzigo wao saa kumi za mwisho za safari, na kwa hiyo watakuwa wanamngoja nani: mabaharia, maofisa wa bandari au magoti yao wenyewe. Muda wa kuokoa upo, siku nyingine mwingi tu. Lakini mwenye funguo za muda huo si abiria, na ukishaelewa hilo asubuhi yote inaeleweka.

Sanduku linalosafiri usiku

Tuanze na lile lililoachwa nje. Siku moja au mbili kabla ya mwisho wa safari unaletewa lebo chumbani, au unaambiwa pa kuzichukua. Rangi ile ni miadi. Inasema kundi lenu litaitwa karibu saa ngapi, na inasema sanduku lako litapangwa pembe gani ya ukumbi wa bandari. Mwenye ndege ya mapema hupewa rangi ya mwanzo. Anayebaki mjini siku mbili zaidi hupewa ya mwisho. Kama saa uliyopangiwa haikufai, nenda dawati la huduma kwa abiria ukabadilishiwe, na uende mapema, maana jioni ya mwisho foleni pale huwa ya watu wenye malalamiko ya bili.

Mwisho wa kuweka sanduku nje ni kati ya saa 4 na saa 6 usiku, kutegemea kampuni. Kisha yanakusanywa, yanashushwa kwa lifti za wafanyakazi hadi sitaha za chini, kwenye korido pana inayokata meli kutoka omo hadi tezi. Abiria haioni kamwe. Katika meli nyingi mabaharia wanaiita I-95, jina la barabara kuu inayofuata pwani ya mashariki ya Marekani. Katika meli za Waingereza imezoeleka kuitwa Burma Road. Humo ndimo hupita magunia ya viazi, mashuka machafu, mafundi, wapishi, na usiku huu masanduku. Yanapangwa kwa rangi katika vizimba vya chuma vyenye magurudumu, yakisubiri gati. Meli ikishafungwa kamba, foklifti zinavitoa vizimba kupitia mlango wa ubavuni, huku foklifti nyingine zikisubiri zamu ya kuingiza vyakula vya safari inayofuata.

Ukubwa wa kazi hiyo ni rahisi kuudharau. Chukua Icon of the Seas, iliyoanza safari zake Miami Januari 2024. Ikihesabiwa watu wawili kila chumba hubeba abiria 5,610, na ikijaa kabisa huweza kufika 7,600. Kila mmoja akiwa na sanduku moja tu, ni zaidi ya masanduku 5,000 ya kushusha asubuhi na mengine zaidi ya 5,000 ya kupandisha mchana, siku hiyo hiyo, kwa milango ile ile, kabla meli haijaondoka tena jioni. Hapo utaelewa kwa nini kampuni haikatai ukisema utabeba mwenyewe. Inakuuzia kama fursa, na ni fursa kweli, lakini kila sanduku unalolivuta ni sanduku ambalo hakuna baharia aliyelinyanyua. Msemo wa mzigo wa mwenzio kuwa kanda la usufi hauwahusu wale vijana wa sitaha ya chini. Kwao mzigo wa mwenzio ni kilo 23, mara elfu kadhaa.

Hasara ya kuacha nje inajulikana: kuanzia usiku ule mpaka utakapolikuta ukumbini, huna sanduku. Dawa zako, pasipoti, chaja, miwani, vyote vibaki nawe. Na nguo za asubuhi. Hili la nguo linachekesha mpaka likukute. Mtu anafungasha kwa bidii, anakunja kila kitu, anafunga zipu, anasukuma sanduku nje, anaingia kitandani akiwa na vazi la kulalia, na saa 12 asubuhi anagundua kwamba suruali yake ya pekee imo kwenye kizimba sitaha tisa chini yake.

Mlango haufunguki kwa sababu gati inaonekana

Sasa yule anayebeba mwenyewe. Ameamka saa 11 alfajiri, ameoga, amefunga begi. Kupitia dirishani anaiona nchi kavu, anawaona wafanyakazi wa gati wakivuta kamba. Saa 12 kasoro meli imetulia. Anatoka, anashuka ngazi na sanduku lake, na anakuta watu wapatao mia mbili wamekwisha simama, kimya, wakitazama mlango uliofungwa.

Hapa ndipo wengi hukasirikia meli bure. Chombo kinachotoka nchi nyingine, hata kikigusa gati, kisheria bado hakijaingia. Ni desturi ya kale ya bahari: meli inayofika hupandisha bendera ya njano, ile ya herufi Q katika kanuni za kimataifa za ishara, na maana yake ni kwamba chombo changu kina afya njema, naomba ruhusa ya kuchangamana na nchi. Desturi ilitokana na hofu ya tauni na karantini. Siku hizi sehemu kubwa ya ombi hilo hupita kwa kompyuta kabla meli haijafika, orodha ya abiria imeshatumwa, taarifa za wagonjwa zimeshatumwa, lakini bado lazima mamlaka za afya, uhamiaji na forodha ziseme ndiyo. Kabla ya neno hilo hashuki mtu, hata awe anaishi mtaa wa pili kutoka bandarini.

Ndiyo hiyo funguo isiyo mikononi mwa abiria. Siku njema ruhusa hutoka ndani ya nusu saa au saa moja baada ya kufunga gati. Siku mbaya kuna mgonjwa wa kushushwa kwanza kwa machela, au ofisa amechelewa, au bandari yenyewe imefungwa. Galveston, kule Texas, inajulikana kwa ukungu wa miezi ya baridi: rubani wa bandari hawezi kuingiza meli asipoona, hivyo meli inabaki nje na maelfu ya abiria waliokwisha funga mabegi wanarudi kunywa kahawa. Aliyeacha sanduku mlangoni na aliyelivuta mwenyewe wanakuwa sawa kabisa siku hiyo, isipokuwa mmoja ana kitu cha kukalia.

Kuna na jambo la maji. Daraja la kushukia haliko mahali pamoja siku zote. Southampton, Uingereza, siku za bamvua maji hupanda na kupwa kwa takriban mita 4, na meli hupanda na kushuka nayo. Daraja lililokuwa tambarare alfajiri linaweza kuwa mteremko baada ya saa chache, na pengine likahamishiwa mlango wa sitaha nyingine. Miami tofauti ya maji haifiki mita moja, kwa hiyo tabu hiyo ni ndogo. Ndiyo maana tangazo la sitaha ya kushukia hutolewa asubuhi yenyewe, na ndiyo maana kujipanga usiku kwa kukisia mlango ni kujisumbua.

Hesabu ya mlango mmoja

Mlango ukifunguliwa, kinachotawala ni hesabu nyepesi. Tuseme meli ina abiria 3,000 na inataka wote wawe nje kati ya saa 1 na saa 3:30 asubuhi. Hizo ni dakika 150, yaani watu 20 kila dakika. Kukiwa na madaraja mawili, kila moja lipitishe watu 10 kwa dakika: mtu mmoja kila sekunde 6. Na kila mmoja wao lazima kadi yake isomwe na mashine, ilie, picha yake itokee kwenye kioo mbele ya mlinzi, ndipo apite. Tangu kanuni za kimataifa za usalama wa meli na bandari zianze kutumika tarehe 1 Julai 2004, meli inapaswa kudhibiti kila anayepanda na kila anayeshuka, na kwa meli ya abiria mlio huo ndio unaohesabu.

Sasa mwangalie mtu mmoja. Ana masanduku mawili makubwa, moja kila mkono, begi la mgongoni, na mfuko wa chupa alizonunua duka la meli. Kadi iko wapi? Iko mfuko wa nyuma wa suruali. Aachie sanduku moja ili aichukue. Daraja lina mteremko, na sanduku ni lile la magurudumu manne yanayozunguka kila upande. Linaanza safari yake peke yake. Analikimbilia, la pili linaanguka, mfuko wa chupa unagonga reli. Sekunde 30. Nyuma yake nafasi za watu watano zimepotea, na foleni inayoishia ngazi za sitaha ya tano haijui kwa nini imesimama.

Kwa ajili ya mtu huyo meli huweka lile sharti la mkupuo mmoja. Halina ukali wowote wa ziada. Linalinda sekunde 6.

Nafikiri watengenezaji wa masanduku hawajawahi kushuka melini, maana magurudumu manne ni raha uwanja wa ndege na adha hapa. Zulia nene la korido linayakaba. Kizingiti cha chuma cha mlango wa ubavuni kinayakwamisha. Mteremko unayatorosha. Sanduku la magurudumu mawili, linaloinamishwa na kuvutwa nyuma, linavuka vyote hivyo bila ubishi. Kama unalo la manne, livute kwa kuliinamisha kwenye magurudumu mawili tu, na kwenye mteremko litangulie mbele yako huku umelishika, lisije likakusukuma visigino.

Lifti nazo zina hadithi yao. Asubuhi hiyo baadhi hutengwa kwa kazi, nyingine hujaa kwenye sitaha za juu na kupita sitaha yako zimefungwa mdomo. Mwenye chumba sitaha ya kati anaweza kuona lifti nne zikipita bila nafasi hata ya mkoba. Njia ya ujanja ni kupanda nayo kwanza: ingia lifti inayopanda, zunguka nayo juu, ushuke nayo. Ngazi ni haraka zaidi, na hapo swali linarudi kwa magoti. Ngazi za sitaha sita na sanduku la kilo 23 si mchezo, na kila hatua kuna mtu mbele yako ambaye hakutarajia sanduku lako mgongoni. Wahudumu hukataza watu kukaa ngazini kwa sababu ya usalama, kwani ngazi ndiyo njia ya dharura, lakini asubuhi ya kushuka katazo hilo huzungumza na viziwi.

Kabla ya magurudumu

Kubeba mwenyewe kunaonekana jambo la kawaida kwa sababu tumezaliwa karibu na magurudumu. Enzi za meli kubwa za kuvuka Atlantiki hakuna msafiri wa daraja la kwanza aliyewazia kuvuta mzigo wake. Kulikuwa na makasha mazito ya mbao na ngozi, na kila moja lilibandikwa lebo: linahitajika chumbani, au halihitajiki safarini. Lile lisilohitajika lilitupwa ngama, nalo halikuonekana tena mpaka mwisho. Kwenye banda la forodha, New York au Southampton, zilining'inizwa herufi kubwa za alfabeti. Wapagazi waliyapanga makasha kwa herufi ya kwanza ya jina la ukoo, na mwenye jina la B alisimama chini ya B akingoja ofisa afike amfungulie. Rangi za lebo za leo ni wajukuu wa herufi zile.

Kilichobadilika ni sanduku. Mwaka 1972 Mmarekani Bernard Sadow alipata hataza ya sanduku lenye magurudumu na kamba ya kulivutia. Mwaka 1987 rubani wa ndege, Robert Plath, akabuni lile la kusimama wima lenye magurudumu mawili na mpini wa kuchomoza, ambalo mwanzoni lilikuwa la wafanyakazi wa ndege kabla halijawa la kila mtu. Bila mpini ule, meli isingethubutu kuwaambia abiria elfu moja wajibebee. Siku mbili za kwanza mgeni huhudumiwa. Ya tatu, sasa kwa kuwa jembe limetiwa magurudumu, anaweza kupewa.

Nje ya meli kuna meza nyingine

Jambo ambalo vipeperushi hulipitia kwa mbio ni hili: daraja si mwisho. Ukishavuka unaingia ukumbi wa bandari, na humo kuna uhamiaji na forodha. Katika baadhi ya bandari waliobeba wenyewe wana njia yao. Kwingine wote, mwenye sanduku mkononi na aliyelikuta chini ya rangi yake, wanamwagikia foleni moja mbele ya meza zile zile, na dakika 40 ulizookoa ngazini zinaliwa hapo. Bandari nyingi za Marekani sasa hutumia kamera za kulinganisha sura na picha ya pasipoti, na foleni hukimbia. Ni vizuri kuuliza melini jinsi bandari yako ilivyo kabla hujajitoa mhanga kuamka saa 11 alfajiri.

Faida halisi ya kubeba mwenyewe, kwa maoni yangu, inaonekana hapo ukumbini kuliko kwenye daraja. Hutafuti. Aliyeacha sanduku nje anaingia ukumbi wenye masanduku meusi elfu kadhaa, mengi ya umbo moja, na hata yakiwa yamepangwa kwa rangi, zambarau peke yake ni mia mbili. Kuna anayechukua lisilo lake kwa haraka na kugundua hotelini. Ukiamua kuacha, funga kitambaa cha rangi isiyo ya kawaida kwenye mshikio, andika jina na simu ndani ya sanduku pia kwa kuwa lebo ya nje huchanika, na lipige picha usiku ule kabla hujalitoa. Anayebeba mwenyewe hana haja ya hayo. Anapita tu.

Lakini kuna mtego mmoja unaowanasa wenye mzigo mdogo, wale wanaotoka melini moja kwa moja hadi ndege wakiwa na begi la kuingia nalo tu. Chupa uliyonunua duka la meli haimo katika mfuko maalumu uliofungwa wa maduka ya uwanja wa ndege. Viwanja vingi bado havipitishi kimiminika cha zaidi ya mililita 100 kwenye begi la mkononi, na lita yako ya zawadi itaishia pipani. Chupa ikiwepo, lazima uwe na sanduku la kupimwa na kuingizwa tumboni mwa ndege, na hapo ule wepesi wako umepungua.

Forodha nayo ina hesabu zake. Anayerudi Marekani kwa kawaida anaruhusiwa bidhaa za dola 800 bila ushuru, na lita moja ya pombe kwa mwenye miaka 21 au zaidi. Anayeingia nchi za Umoja wa Ulaya kwa bahari ana kiwango cha euro 430. Matunda ni kesi kubwa kuliko pombe. Tofaa ulilolichukua mezani wakati wa kifungua kinywa na kulitia begini bila kufikiri ni bidhaa ya kilimo, na kuna mbwa waliofunzwa kwa ajili yake. New Zealand, usipolitaja, unatozwa faini ya papo kwa papo ya dola 400 za huko. Tofaa hilo ulile kabla ya mlango.

Nani abebe, nani aache

Siamini kuna jibu la wote, ila kuna watu ambao jibu lao liko wazi. Msafiri mmoja au wawili wazima, kila mmoja na sanduku moja analoweza kulinyanyua mwenyewe juu ya kizingiti, wabebe. Wenye gari lao limeegeshwa bandarini na safari ndefu barabarani, wabebe. Mwenye ndege ya asubuhi naye abebe, ingawa kwanza aulizwe kwa nini alikata tiketi hiyo: kampuni nyingi hushauri ndege isiwe kabla ya saa 6 mchana, na ushauri huo haukutokana na woga, umetokana na ukungu na ofisa aliyechelewa.

Mzazi mwenye watoto wawili wadogo na kigari cha mtoto aache. Mjamzito aache, na mwenye maumivu ya mgongo, hata kama leo hausikii. Anayetumia kiti cha magurudumu huwa na utaratibu wake wa kusaidiwa kushuka, na asikubali kuambiwa achague kati ya msaada na mapema. Aulize siku mbili kabla. Mwenye masanduku mawili makubwa tumeshamwona darajani.

Kisha kuna wale wa katikati, wanaotaka kuacha sanduku kubwa nje na kubeba dogo ili washuke na wa kwanza. Hapa pana utata unaowakuta wengi. Sanduku moja likishatoka mlangoni na lebo, wewe ni mtu wa rangi ile. Ukishuka mapema utasimama ukumbini mbele ya nafasi tupu, kwa sababu kizimba cha rangi yako bado kimo melini. Mapema yako haina kazi. Ama vyote ama hakuna.

Katika baadhi ya bandari kuna njia ya tatu: sanduku unaliacha mlangoni, linapelekwa moja kwa moja kwenye ndege yako, na unalikuta uwanja wa nyumbani. Hulipiwa, huhitaji shirika la ndege lililomo katika mpango huo, na hujazwa fomu siku kadhaa kabla. Kwa mwenye magoti mabaya na saa nyingi za kuzurura mjini kabla ya ndege, hakuna bora kuliko hiyo.

Jioni ya kazi

Aliyeamua kubeba ana jioni tofauti na jirani zake. Wao wanahaha kufunga kabla ya saa 5. Yeye anaweza kufunga asubuhi. Asidanganyike na uhuru huo. Bili ya melini huingia kwenye simu au kwenye runinga ya chumbani, na kosa lolote, kinywaji usichokiagiza au malipo yaliyorudiwa, linasuluhishwa usiku. Asubuhi dawati lina foleni, na deni lisilolipika, kwa mfano kadi ya benki iliyokataa, linaweza kukuzuia pale pale mlangoni, mashine ikilia mlio tofauti mbele ya watu wote. Katika safari nyingine kampuni hushika pasipoti za abiria kwa ajili ya maofisa wa bandari za njiani. Hakikisha yako imerudi mkononi kabla ya kulala.

Kifungua kinywa hutolewa mapema siku hiyo, na migahawa hufungwa mapema vilevile. Chumba unatakiwa kukiacha mara nyingi kufikia saa 2, maana mhudumu mmoja ana vyumba kumi na zaidi vya kugeuza kabla ya wageni wapya, ambao saa 5 wanaweza kuwa wameanza kupanda. Bandari za Marekani zina sharti la ziada: kwa kawaida meli hufikishwa sifuri, yaani hata abiria anayeendelea na safari inayofuata hutolewa, hukaguliwa na kurudishwa, ndipo wapya waruhusiwe. Mtu mmoja aliyepitiwa na usingizi sitaha ya 9 huizuia meli nzima, na jina lake hutangazwa kwa vipaza sauti hadi bafuni.

Sifuri hiyo ndiyo inayofanya mlio wa mwisho wa kadi usirudishike. Ukishavuka, wewe si abiria tena. Kadi haifungui chochote, na aliyesahau kitu chumbani haruhusiwi kurudi kukifuata. Atamweleza mfanyakazi wa ukumbini, huyo atapiga simu, na mhudumu akikipata kitashushwa, baada ya kungoja ambako kunakula mapema yote uliyoamkia. Kinachosahaulika sana kimo kwenye kile kisefu kidogo ndani ya kabati, palipowekwa pasipoti, saa na fedha tangu siku ya kwanza, nacho hufungwa kwa namba ambayo asubuhi hiyo haikumbukwi kwa sababu ya haraka. Wazoefu hufungia humo usiku wa mwisho kiatu kimoja cha asubuhi.